Silaha za Mrumi, Mikuki ya Lugalo na Mizani ya Chuma Chakavu

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia na sharika za mikoa ya Mbeya na Iringa)

 

Awali ya yote tunapenda kuwashukuru kwa kubaki baada ya chakula cha mchana, maana tunajua mada ya baada ya ugali ina kazi yake. Tunajua pia kwamba baadhi yenu mlipoiona ratiba mlicheka. Asubuhi tulizungumzia visima, ripoti za robo mwaka na vikundi vya kuweka na kukopa, halafu inakuja mada inayoitwa "Silaha na vifaa vya askari wa Rumi". Mjumbe mmoja alituuliza mlangoni kama tunakusudia kuanzisha jeshi. Hatukusudii. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwa sababu mwisho wa mada kuna jambo linalowahusu ninyi wanakamati, na linawahusu wahisani pia, na sisi wenyewe halituachi salama.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Watoto wa mafundisho katika parokia moja ya Iringa vijijini walikuwa wakiandaa igizo kutoka sura ya sita ya Waraka kwa Waefeso, pale Mtume Paulo anapochukua vifaa vya askari na kuvifanya mfano. Mwalimu wao alikata kofia kutoka boksi la mafuta ya kula, ngao akaitengeneza kwa bati kuukuu, upanga ukawa wa mti. Igizo likaenda vizuri. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona askari huyu hana mkuki? Babu anao." Mwalimu alikosa jibu, akatuletea swali ofisini.

Mtoto alikuwa sahihi. Soma orodha ya Paulo kwa makini: kuna mkanda, kinga ya kifua, viatu, ngao, kofia na upanga. Mkuki haumo. Lakini askari wa Rumi wa siku zile alikuwa nao, na bila mkuki huwezi kuelewa alivyopigana.

Basi tuanze naye huyo Mrumi. Askari wa miguu wa jeshi la Rumi, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alibeba mkuki wa kurusha wenye urefu wa kama mita mbili. Nusu ya chini ilikuwa mti, na juu yake ulitokeza ufito mwembamba wa chuma wa sentimita sitini hivi, wenye ncha ndogo. Uzito wote ulisukuma ile ncha ndogo. Ukipiga ngao, ncha ilipenya na ufito ukafuata. Mara nyingi ufito ulipinda, hivyo adui hakuweza kuuchomoa upesi wala kuurudisha kwa aliyeurusha. Mtu aliyening'inizwa mkuki kwenye ngao yake hana namna ila kuitupa ngao. Hapo ndipo Mrumi alipochomoa upanga. Upanga wake ulikuwa mfupi, ubao wake kama sentimita hamsini hadi sitini, wa kuchoma kuliko kukata, akichoma kutoka ubavuni mwa ngao huku amesogea karibu kabisa.

Ngao ilikuwa kubwa, urefu wake karibu mita moja au zaidi, imepinda kama nusu ya pipa. Iliundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyogundishwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikingama na lingine, kisha ikafunikwa ngozi. Fundi seremala yeyote wa Mafinga anayeuza plaiwudi ataitambua kazi hiyo. Ngao moja ya namna hii ilipatikana katika magofu ya mji wa Dura-Europos nchini Syria, ikiwa bado na rangi zake. Neno la Kigiriki ambalo Paulo alilitumia kwa ngao linatokana na neno la mlango, na ukubwa wake ulistahili jina hilo. Wakati wa mvua ngao hiyo ilivikwa mfuko wa ngozi, kwa sababu mbao zilizogundishwa zikilowa huachana.

Kofia ilikuwa ya shaba nyeusi au chuma, ina ukingo nyuma wa kulinda shingo na mabawa mawili ya kufunika mashavu, lakini masikio yaliachwa wazi ili askari asikie amri. Kifuani alivaa fulana ya pete ndogo za chuma zilizounganishwa kwa maelfu, au mabamba ya chuma yaliyofungwa kwa mikanda ya ngozi. Miguuni alivaa viatu vya ngozi vya mikanda, soli imepigwa misumari. Paulo alivijua vitu hivi kwa karibu. Barua ile yenyewe inamtaja mwandishi wake kuwa yumo katika minyororo, na kitabu cha Matendo kinasema kwamba kule Rumi alikaa na askari wa kumlinda.

Sasa jambo ambalo sisi watu wa maendeleo lilitufurahisha. Mwanahistoria Myahudi Yosefo, aliyepigana na Warumi na baadaye akaishi kwao, aliorodhesha mizigo ya askari wa kawaida: msumeno, kikapu, sururu, shoka, kamba ya ngozi, mundu, mnyororo na chakula cha siku tatu. Anasema askari huyo alikaribia kuwa nyumbu wa kubebea mizigo. Jeshi lilipotembea mchana kutwa, jioni kabla ya kulala lilichimba handaki kuzunguka kambi. Sururu na kikapu vilikuwa silaha sawa na upanga. Mnaolalamika kwamba nguvu kazi ya wananchi haitoshi kuchimba mtaro wa bomba la maji, mfikirieni huyo.

Mtu anaweza kusema: haya ni ya Ulaya na Mashariki ya Kati, Nyanda za Juu Kusini yanatuhusu nini? Kiko kitabu kidogo cha karne hiyo hiyo ya kwanza, kilichoandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara aliyeijua Bahari ya Hindi. Kinaeleza bandari ya Rhapta katika pwani ambayo leo ni Tanzania. Kinataja bidhaa zilizoletwa huko: mikuki iliyotengenezwa katika bandari ya Muza huko Yemen mahsusi kwa soko hilo, mashoka, visu na vifaa vya kioo. Kwa malipo watu wa pwani walitoa pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Hivyo katika karne ile ile ya Paulo, mkuki wa chuma ulikuwa bidhaa kwenye pwani yetu, na kulikuwa na mtu anayepanga bei.

Tuje nyumbani. Wengi wenu mnatoka katika nchi ya Wahehe, Wasangu, Wabena, Wasafwa, Wanyakyusa na Wakinga, na katika karne ya 19 kila mmoja wa hawa alikuwa na silaha na ujuzi wake. Wangoni walipopanda kutoka kusini mwa Afrika na kuingia nchi hii miaka ya 1840, walikuja na namna ya kupigana iliyotokana na vita vya Wazulu: mkuki mfupi wa kuchoma, ngao kubwa ya ngozi ya ng'ombe na vikosi vya vijana wa rika. Wasangu wa Mtemi Merere walijifunza mapema. Wahehe walijifunza kutokana na Wasangu, na hatimaye wakawashinda walimu wao. Mwaka 1877 balozi Mwingereza, James Frederic Elton, alipomtembelea Merere alijikuta ndani ya ngome iliyozingirwa na Wahehe. Kuanzia 1878 hadi 1882 Wahehe na Wangoni wenyewe wakapigana.

Mpiganaji wa Kihehe alibeba mikuki kadhaa myepesi ya kurusha, pamoja na mmoja mzito, wenye mti mfupi na ubao mpana, ambao haurushwi. Mikuki ya kurusha ilitangulia, kisha mpiganaji akasogea nyuma ya ngao na kuchoma. Mnaona wenyewe. Mrumi na Mhehe hawakukutana, lakini mtu aliyetaka kushinda vita kwa miguu, kwa chuma na kwa ngao, alifikia jibu lile lile. Tofauti iko mwilini: Mhehe hakuvaa chuma. Kinga yake ilikuwa ngozi kavu ya ng'ombe, iliyopitishiwa fimbo nyuma iwe mti wa kushikia, na mbio zake. Ngozi hiyo nayo ikilowa hulegea, kwa hiyo ilihitaji kutunzwa pakavu, juu ya moshi wa jiko. Ndiyo maana ngao za zamani ambazo bado zipo katika nyumba zetu ni nyeusi kwa masizi. Msizisugue kwa sabuni.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, mashariki ya Iringa mjini, silaha hizi zilikutana na bunduki. Kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski alikuwa anaongoza msafara wa askari wapatao 300 pamoja na wapagazi, wenye bunduki za Mauser, mizinga midogo na bombomu, yaani bunduki za rashasha, vingine vikiwa vimefungwa juu ya punda. Msafara ulitembea mmoja mmoja katika njia nyembamba. Wahehe wapatao 3,000, wakiongozwa na Mpangile, ndugu yake Mkwawa, walikuwa wamelala vichakani. Waliinuka kwa kelele na kushambulia kabla mizinga haijafunguliwa kutoka mgongoni mwa punda. Mapigano makali yalikuwa ya dakika chache. Zelewski aliuawa, pamoja naye Wazungu wengine tisa na askari zaidi ya 200, na wapagazi wengi. Wahehe nao walipoteza watu wengi. Mkiwa Dar es Salaam na mkipita kambi ya jeshi na hospitali ya Lugalo, jina hilo limetoka hapa kwetu.

Tunapenda kusema kidogo juu ya wapagazi hao, kwa sababu hotuba nyingi za Lugalo huwaruka. Walikuwa watu weusi waliobeba mizigo ya wengine kwa ujira. Hakuna aliyewapa ngao. Kwenye mnara wa Wajerumani pale Lugalo yamewekwa majina ya Wazungu kumi.

Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300. Mtu angedhani kwamba baada ya hapo wangekuwa jeshi la bunduki. Haikuwa hivyo. Bunduki bila risasi za kutosha na bila mazoezi ni rungu la bei ghali, na mzinga bila fundi wake ni chuma tu. (Sisi tunaoendesha miradi tunalijua hili. Tumeona pampu za maji za kisasa zilizosimama kwa kukosa kipuri kimoja.) Mkwawa alitegemea zaidi ukuta. Kalenga, makao yake kando ya Ruaha Mdogo, ilizungushiwa ngome ya mawe, na jina Iringa lenyewe latokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome. Wajerumani walirudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Wazee husimulia kwamba jina Tosamaganga, ambako leo mnakwenda hospitali, lina maana ya kutupa mawe, na wanaliunganisha na mizinga ya siku zile. Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa miaka karibu minne zaidi, mpaka alipojiua kwa bunduki Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Sasa tuulize swali ambalo halimo katika mabango ya makumbusho: chuma cha mikuki hiyo kilitoka wapi? Sehemu kubwa katika milima yetu ilitoka kwa wahunzi. Wakinga wa Makete, ambayo tangu 2012 imo katika mkoa wa Njombe, na Wapangwa wa Ludewa, walijulikana kwa kazi hii. Wanyakyusa wa bondeni walikuwa na ng'ombe na ndizi lakini walipata majembe na mikuki kutoka kwa Wakinga wa milimani, wakibadilishana kwa chakula na mifugo. Si ajabu, huko Ludewa ndiko kuliko na mlima wa chuma wa Liganga.

Mhunzi alijenga tanuri la udongo, akalijaza mkaa na mawe ya chuma kwa zamu, na vijana wakapuliza kwa viriba vya ngozi ya mbuzi kupitia mirija ya udongo. Chuma hakikumiminika kama uji. Kilitoka bonge, limechanganyika na takataka, ambalo lilipigwa, likachomwa tena, likapigwa tena, mpaka likatulia. Kisha mhunzi akaamua. Bonge lile lile lingeweza kuwa jembe au mkuki. Ushahidi wa kazi hiyo bado upo: mkilima na kukuta mawe meusi yenye matundu, yamelundikana mahali pamoja, hayo ni makapi ya tanuri. Kamati moja ilitaka kuyatumia kama kifusi cha msingi wa nyumba ya mwalimu. Tuliwaomba wasogeze msingi mita kumi, wakakubali, ingawa kwa kunung'unika.

Kilichoua kazi ya tanuri hakikuwa vita. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalikuwa rahisi kuliko ya mhunzi, na mhunzi akabaki kutengeneza visu kutokana na chuma cha wengine, kama afanyavyo mpaka leo kwa springi za magari.

Hapo ndipo tunafika kwenye mizani. Wiki ile ile ya igizo, nje ya uzio wa parokia ile ile, kijana mnunuzi wa chuma chakavu alisimamisha baiskeli yake. Watu walimletea sufuria zilizotoboka, mabati, rimu ya baiskeli. Mzee mmoja akaleta mikuki mitatu. Tulikuwepo. Kijana aliing'oa miti, akaiweka pembeni iwe kuni, akapima chuma kwa mizani ya mkono. Mitatu yote haikufika kilo mbili. Mzee alipokea shilingi ambazo hazikutosha kilo moja ya sukari. Tulipomuuliza, alisema, "Wajukuu hawaitaki, na mchungaji wa zamani alituambia ni mambo ya kipagani." Hatukuwa na jibu la haraka. Alihitaji sukari.

Ndugu wanakamati, hatumlaumu mzee. Tunaomba mambo machache ambayo hayahitaji bajeti. Mtu akitaka kuuza silaha ya ukoo, kamati ijue kabla ya mizani. Andikeni katika daftari jina la ukoo, kitu chenyewe, na habari ambayo mwenye nacho anaikumbuka: nani alikitengeneza, kilinunuliwa kwa nini, kilitumika wapi. Habari hiyo ndiyo inayopotea kwanza. Kipande cha chuma cha sentimita thelathini kinaweza kukaa miaka mia mbili, lakini jina la mhunzi huondoka na mazishi ya mzee mmoja. Wanaotaka kukabidhi waende Kalenga, kwenye makumbusho ya Mkwawa yenye fuvu, mikuki na ngao, au Iringa Boma, iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016 katika jengo la enzi za Wajerumani. Wanaotaka kubaki navyo nyumbani, ni haki yao. Na wachungaji wetu na mapadre, tafadhali, kama Paulo hakuona aibu kuuchukua upanga wa Mrumi mpagani na kuufundishia, mkuki wa babu hauwezi kutushinda.

Kwa wahisani wetu wapendwa tunasema kwa upendo na bila kuzunguka. Baadhi yenu mmetuomba tuwatafutie mkuki au ngao ya kweli, si ile ya kuchonga kwa ajili ya watalii. Tunajua mnaomba kwa kupenda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu vitu vya kale vya namna hiyo kutolewa nje ya nchi bila kibali. Lakini hata pasingekuwa na sheria tungewaomba msamaha na kukataa, na hapa lazima tueleze kosa letu.

Katika miaka ya mwanzo ya shirika letu, wageni walipoagwa baada ya kufungua mradi wa maji, tulitaka kuwapa zawadi ya heshima. Tuliomba ngao kutoka familia moja. Wenye nyumba hawakuweza kuwakatalia watu walioleta maji. Ngao ikaondoka. Hatukuandika kitu chochote. Picha ya siku ile ipo ofisini: sisi tunacheka, wageni wanacheka, na bibi mwenye ngao amesimama pembeni akiangalia mikono ya mgeni.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa katika muda wa miezi sita. Lilifika Kalenga mwaka 1954, mikononi mwa Gavana Twining, yaani baada ya miaka 35. Hayo ni mataifa makubwa yenye mabalozi na saini. Sisi tuna anwani ya zamani ya mgeni mmoja na barua tatu. Ya kwanza ilirudi. Ya pili ilijibiwa na jirani aliyesema mgeni wetu alihamia kwa mwanawe. Ya tatu tuliituma kwa huyo mwana, na bado tunangoja. Kama kuna mhisani hapa anayeufahamu mji huo, tutamwonyesha anwani wakati wa chai.

Juma lililopita tulipita kwa bibi kumweleza tulipofikia. Ametangulia kuwa mzee sana, lakini alitukaribisha, akatupa viazi. Hakutulaumu. Aliuliza jambo moja tu: ile kamba ya ngozi ya kushikia, ambayo babu yake aliifunga upya baada ya vita, kama wale wageni waliiacha jinsi ilivyokuwa, au waliifungua.